Kupima Sauti Ugenini

Ndugu na marafiki wanaonitembelea Hamburg huniuliza swali moja kabla hata wiki haijaisha: mbona watu wa hapa wamenuniana? Wameshapanda treni za mjini, wameona behewa limejaa watu wanaotoka kazini, na hakuna anayemsemesha mwenzake. Kwetu Tanga, basi zima likikaa kimya lazima kuna jambo. Ama wamenusurika ajali, ama wanasafirisha maiti, ama dereva na konda wamegombana na kila mtu anangoja kuona mwisho wake. Katika masikio yetu, kimya cha watu waliokaa pamoja ni ugomvi.

Nimeishi Ujerumani miaka mingi sasa, nikifanya kazi ya kutunza wazee. Swali hilo nalichukulia kwa uzito, kwa sababu mgeni asipolipata jibu mapema huishia kwenye moja ya mambo mawili: anawachukia wenyeji, au anaanza kujionea haya yeye na watu wake. Yote mawili nimeyaona, na yote mawili yanaumiza.

Nimelelewa Ngamiani, katika zile barabara zinazoitwa kwa namba, kwenye nyumba ya vyumba vinavyotazamana, ukumbi katikati na uani nyuma. Wapangaji walikuwa wa kila kabila. Mtu alitanguliwa na sauti yake: hodi ilianzia barazani, ikaitikiwa kutoka jikoni, na salamu zikaendelea mpaka mgeni akaketi. Anayeingia kimya ni mwizi au mpelelezi. Muuza kahawa aligonga vikombe vyake, muuza samaki alipiga kengele ya baiskeli, msikiti uliadhini, na redio ya chumba kimoja ilikuwa redio ya nyumba nzima. Wawili wakijitenga wakaanza kunong'ona, mama aliwaambia waziwazi waseme tusikie au watoke nje, maana minong'ono ni ya wasengenyaji. Mwenye sauti ya wazi alihesabiwa kuwa mtu asiye na la kuficha.

Baadaye nilisoma kwamba Edward T. Hall, mwanaanthropolojia wa Marekani aliyechunguza miaka ya 1960 jinsi watu wanavyotumia nafasi na sauti, aliona jambo la namna hii kati ya Wamarekani na Waingereza. Wamarekani waliongea bila kujali nani anawasikia, na kwao huo ulikuwa uwazi. Waingereza, waliozoea kukaa pamoja bila kila mmoja kuwa na ofisi yake, walikuwa wamejifunza kuielekeza sauti kwa yule tu anayesemeshwa, ikazidi kidogo tu kelele za mahali pale. Basi Mwingereza akamwona Mmarekani amemvamia. Nilifarijika sana niliposoma hayo. Watu hao lugha yao ni moja na wengi wao dini yao ni moja, na bado sauti iliwagombanisha. Kumbe jambo hili halikuanza na sisi.

Liko pia la mwili. Daktari mmoja wa Paris, Étienne Lombard, alieleza mwaka 1911 kwamba mtu akiwekewa kelele masikioni hupandisha sauti bila kujua, na kelele ikikatwa sauti hushuka yenyewe. Kila aliyewahi kununua tiketi stendi ya mabasi asubuhi anajua hivyo hata kama hakumsikia Lombard. Lakini hilo linaeleza stendi tu. Halielezi kwa nini mtu akishatoka stendi, akaingia chumba chenye zulia na madirisha ya vioo viwili viwili, anaendelea kuongea vilevile. Hapo nadhani ni mazoea. Kipimo cha sauti ya kawaida tumewekewa utotoni, na masikio hayakipimi upya mpaka mtu atuambie.

Hamburg ina kipimo chake, na kimeandikwa. Mapumziko ya usiku huanza saa nne na kwisha saa kumi na mbili asubuhi. Jumapili ni mapumziko siku nzima, na ulinzi wake umo ndani ya katiba: ibara ya 140 imechukua maneno ya katiba ya zamani ya Ujerumani, ile ya Weimar ya mwaka 1919, yanayoilinda Jumapili kuwa siku ya watu kupumzika kazi na kuinua roho. Mashine ya kukata majani haiwashwi Jumapili kwenye mitaa ya makazi, wala baada ya saa mbili usiku siku za kazi. Hata chupa tupu zina saa zake za kutupwa kwenye kontena la mtaani, kwa sababu vioo vikianguka vinapiga kelele. Anayewasumbua wengine kwa kelele zisizo na sababu anaweza kutozwa faini, na sheria inaruhusu ifike euro 5,000. Treni za mwendo kasi zina sehemu za kimya, zenye alama inayomtaka kila anayeingia apunguze sauti na azime mlio wa simu.

Kilichonishangaza kuliko vyote ni daftari. Mpangaji anayesumbuliwa na kelele hushauriwa aweke kumbukumbu: tarehe, saa zilipoanza, saa zilipokwisha, zilikuwa kelele za namna gani. Karatasi hizo humfikia mwenye nyumba, na ikithibitika, anayelalamika anaweza kupata haki ya kulipa kodi pungufu, na mwenye kelele akapewa onyo la maandishi, mwishowe akatolewa. Kwetu, mtu anayeandika makosa yako kwa tarehe ni adui aliyekwisha kula kiapo. Hapa anaweza kuwa jirani wa kawaida kabisa, anayefuata utaratibu aliofundishwa, na asubuhi akikukuta kwenye ngazi anakusalimu vizuri. Muda mrefu niliidhania salamu ile kuwa ni unafiki. Leo najua ni ya kweli. Kwake yeye jambo la kelele liko kwenye karatasi, na salamu iko mahali pake.

Kiangazi kimoja alikuja mama yangu mkubwa kukaa nami. Ni mwalimu wa madrasa, na sauti yake imezoea kumfikia mtoto wa mwisho kwenye mkeka bila kipaza sauti. Kila jioni alipiga simu nyumbani. Wanaozijua simu za kwetu wanajua haziwi za watu wawili: ukimpata mmoja anaweka spika, na walioko uani wote wanaingia. Shangazi anauliza habari za baridi, watoto wanataka kuonyeshwa treni, jirani anapita na kutoa salamu zake. Mtandao ukikwama kila mmoja anapaza sauti. Kizazi cha mama mkubwa kilijifunza simu kwenye vibanda, laini zikikwaruza na dakika zikihesabiwa, na aliyeongea chini alikuwa anachoma pesa.

Alipenda kukaa roshani, ghorofa ya tatu, juu ya ua uliozungukwa na majengo pande zote nne. Ua wa namna ile hurudisha kila neno. Usiku mmoja jirani wa chini, mzee anayeishi peke yake, alipanda akagonga mlango. Saa nne ilishapita, ingawa mwanga wa Juni ulikuwa bado angani. Alisema kwa adabu kwamba anayasikia mazungumzo yote, hata majina ya watu, na kwamba asingependa kuyasikia. Nikamtafsiria mama mkubwa.

"Nimemkosea nini?" akauliza. "Nimeongea na wanangu, sikumtaja yeye wala kumtukana mtu."

"Hujamkosea, mama mkubwa. Ni kwamba saa nne imepita."

"Ina maana ingekuwa saa tatu asingekuja?"

"Saa tatu angevumilia."

Akafikiri kidogo. "Basi mwambie aniandikie saa zote, nisimsumbue tena. Na umwombee radhi kwa niaba yangu."

Mzee aliandika, kwa mwandiko mkubwa wa shule za zamani: saa za usiku, Jumapili, na pia saa saba hadi saa tisa mchana, ambazo yeye hulala. Mama mkubwa aliibandika karatasi ile kwenye friji, pembeni ya ratiba ya swala tuliyopewa msikitini. Mimi nilikuwa nimejiandaa kumfariji kwa siku kadhaa. Haikuhitajika. Mtu aliyeishi maisha yake yote kwa nyakati tano hashindwi kuongeza nyakati nyingine tatu.

Ikabaki swala yenyewe. Mwezi wa Juni, Hamburg, isha huingia karibu na usiku wa manane na alfajiri haichelewi kufuata, na swala hizo mbili husomwa kwa kudhihirisha, yaani kwa sauti ya kusikika. Nilitaka kumweleza, akanitangulia. Alinisomea aya ya 110 ya Suratul Israa, inayokataza kusoma swala kwa sauti kubwa mno na kukataza pia kuificha, ikaamrisha njia ya kati. Kisha akaongeza wosia wa Luqman kwa mwanawe, kwamba ateremshe sauti yake, kwani sauti inayochukiza kuliko zote ni ya punda.

"Haya nawafundisha watoto tangu sijaolewa," alisema. "Yule mzee hakuniletea jipya."

Hapo ndipo nilipolielewa jambo ambalo nilikuwa nimelizunguka kwa miaka. Adabu ya sauti kwetu ipo, tena ni kali. Mke hapazi sauti mbele ya baba mkwe. Mtoto akimjibu mzee kwa sauti ya juu, aibu inamrudia mama yake. Kijana akimsemesha mwalimu wake wa chuoni hupunguza sauti hata wakikutana katikati ya sokoni, kelele zimejaa, na mwalimu ndiye anayeinama kumsikia. Sisi tunaipima sauti kwa mtu aliye mbele yetu. Wajerumani wanaipima kwa mahali na kwa saa. Kijana wa Hamburg anamsemesha bibi yake kwa sauti ileile anayomsemeshea rafiki, na bibi haoni kuwa amevunjiwa heshima. Lakini wote wawili wakiingia ndani ya treni wanashusha, na saa nne ikigonga wanashusha tena. Kila upande ukiangalia kwa kipimo chake unamwona mwenzake hana malezi. Nikiwaeleza wageni hivi, wanaelewa upesi kuliko nikiwaambia kwamba Wajerumani hawapendi kelele.

Tena hilo la kutopenda kelele hata si kweli. Anayeliamini aende soko la samaki la Hamburg, Fischmarkt, Jumapili alfajiri. Soko lile lipo tangu mwaka 1703. Kiangazi hufunguliwa saa kumi na moja asubuhi na kufungwa saa tatu na nusu, Jumapili hiyohiyo inayolindwa na katiba. Wauzaji husimama juu kwenye magari yao wakinadi mikunga iliyokaushwa kwa moshi, matunda na maua, wakitaniana na wateja, wakirusha bidhaa hewani, sauti zimekauka kooni. Ndani ya jumba la zamani la mnada bendi inapiga na watu wanacheza, wengine hawajalala tangu Jumamosi. Nilimpeleka mama mkubwa. Alisimama mbele ya muuza ndizi muda mrefu, haelewi hata neno moja, uso umemchangamka.

"Kumbe sauti wanazo," akasema.

Wanazo. Ukienda kwenye uwanja wa mpira utazisikia, na usiku wa kuamkia mwaka mpya mji mzima unalipua fataki mpaka mbwa wanajificha chini ya vitanda. Katika sherehe ya Oktoberfest kule München, tangu mwaka 2005 muziki ndani ya mahema hadi saa kumi na mbili jioni ni wa tarumbeta na hautakiwi kuzidi desibeli 85, ili wazee na wenye watoto nao wafurahi. Baada ya hapo sauti inafunguliwa. Utaratibu huo ulinionyesha mengi. Hawakuizuia furaha, waliigawia saa.

Kazini kwangu sauti ilinifundisha somo la aina nyingine kabisa. Wengi katika wazee ninaowahudumia wamepungukiwa na usikivu, na watu hudhani dawa yake ni kupiga kelele. Sikio la uzeeni hupoteza kwanza zile sauti nyembamba za juu, ambazo ndizo zinazobeba herufi kama s, f na t. Mzee anasikia kwamba unaongea, ila maneno yamekatika katika. Sasa ukipiga kelele, sauti yako inapanda na kuwa nyembamba, yaani inakwenda kulekule ambako sikio lake limekwisha kuondoka. Wengine kelele huwachoma masikio ghafla, wakakunja uso, na mtunzaji asiyejua anadhani amechukiwa.

Kinachosaidia ni kuzima televisheni kwanza. Kisha usimame mbele ya mtu, mwanga uangukie uso wako na siyo kisogo chako, uitoe sauti kifuani badala ya kooni, useme sentensi fupi, na umpe nafasi ya kujibu. Nilipofika Kijerumani changu kilikuwa bado cha kubahatisha, lakini bibi mmoja alikuwa akiniita mimi hata kama wenzangu wenyeji wako karibu, akisema mimi ananisikia. Nilijua nimeitoa wapi sauti ile. Ni ya mkekani, ya mwalimu anayehakikisha mtoto wa mwisho amepata herufi. Kwa hiyo simkubalii mtu anayesema kwamba ukihamia Ulaya sauti ya kwenu huna pa kuitumia. Ina kazi, na mara nyingine ni kazi ya kumfanya mtu mpweke ajisikie yumo miongoni mwa watu.

Siwezi kuandika haya nikauacha upande unaouma. Jumamosi za mpira treni zinajaa mashabiki wanaoimba na kugonga dari ya behewa, chupa za bia mikononi. Abiria wengine hutabasamu, wengine huhamia behewa la pili, basi. Katika njia hiyohiyo, siku ya kawaida, niliwaona mabinti watatu kutoka Afrika wakicheka jambo fulani kwenye simu. Sauti zao hazikufika hata robo ya zile za mashabiki. Mama mmoja akawageukia akawaambia kwamba katika nchi hii watu wana ustaarabu. Mabinti walinyamaza mpaka waliposhuka. Nilimwambia yule mama, kwa upole na kwa Kijerumani kilichonyooka, kwamba hatuko kwenye behewa la kimya na kwamba wanacheka kama vijana wowote. Hakunijibu. Abiria mwingine, mwanamume mtu mzima, alinikubalia kwa kichwa, na mimi nilitamani angesema, kwa sababu neno lake lingekuwa na uzito ambao langu halikuwa nao.

Kelele za mhamiaji husikika zaidi ya ukubwa wake. Kila aliyeishi ugenini na ngozi yangu anajua hivyo, na anajua pia kwamba mmoja akikosea tunahesabiwa wote. Usemi kwamba Waafrika wana kelele hauna hata mashiko. Katika mkusanyiko wetu wa wazungumzaji wa Kiswahili yuko dada kutoka Rwanda anayeongea chini kiasi kwamba sisi wa Tanga, na wale wa Goma na Mombasa, tunasogeza viti. Kwao heshima imo katika sauti ya chini, na mamlaka zao ni kali: mwaka 2018 misikiti ya eneo la Nyarugenge, Kigali, ilitakiwa iache kuadhini kwa vipaza sauti. Kenya nayo imekuwa na kanuni za kudhibiti kelele tangu 2009, na Tanzania tangu 2015. Wenye hospitali, wagonjwa na wanafunzi wanaojiandaa na mitihani wapo hata kwetu, na wamekuwa wakilalamika siku zote.

Linalonisikitisha zaidi ni wazazi wanaoyameza maneno ya akina mama wa kwenye treni. Wanaanza kuongea Kiswahili kwa kunong'ona mbele za watu. Baadaye hawakiongei kabisa wakiwa nje, na mtoto anajifunza kwamba lugha ya nyumbani ni kitu cha kufichwa. Msimamo wangu uko wazi. Sheria za saa na mahali tuzifuate kikamilifu, kwa sababu ni za kila mtu na zinamlinda hata muuguzi anayetoka zamu ya usiku, ambaye mara nyingi ni mmoja wetu. Lakini Kiswahili ndani ya treni kiongewe kwa sauti ileile ambayo Mjerumani anaongelea Kijerumani chake. Isizidi, na isipungue.

Mtihani mkubwa kuliko yote ni msiba. Rafiki yangu alipigiwa simu mchana kwamba mama yake amefariki huko nyumbani. Kufika jioni chumba kilikuwa kimejaa. Watu walifika kutoka Bremen na Lübeck, wenye sufuria, wenye mikeka. Nilimkuta amekaa sakafuni, amejifunika khanga na upindo wa khanga ameutia mdomoni, analia huku anajizuia majirani wasimsikie. Mabega yanatikisika na sauti haitoki. Nimehudhuria misiba mingi maishani, ila sikuwahi kuona mtu akimlilia mama yake kwa namna ile, na sitaki kuiona tena.

Mume wake ndiye aliyepata la kufanya. Wajerumani wana desturi ya kubandika karatasi mlangoni pa jengo au ngazini wanapokuwa na sherehe, kuwaarifu majirani kwamba leo kutakuwa na kelele, watuvumilie. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba inafaa hata kwa kifo. Aliandika kwamba mama wa mke wake amefariki Tanzania, kwamba leo na kesho watu watakuja kuwapa pole, kwamba kwao watu hulia pamoja, na kwamba wanaomba radhi. Aliibandika chini kwenye mlango mkuu na nyingine kwenye lifti. Kisha akarudi akamwambia mke wake: "Lia, nimeshawaambia."

Akalia. Tukalia naye wote tuliokuwamo mle ndani.

Kabla ya saa nne jirani mmoja alikuwa ameacha kadi ya pole mlangoni. Mwingine, kijana tuliyemdhania mkali, alishuka akaondoa baiskeli zake ngazini ili watu wapate mahali pa kuweka viatu. Wa ghorofa ya juu alikuja kuuliza kama wanahitaji viti. Hakuna aliyelalamika. Siku hizi ukitokea msiba miongoni mwetu, mtu mmoja hupewa kazi ya karatasi mara moja, kabla hata ya mchango kuanza. Nawaambia wenzangu wa miji mingine wafanye hivyohivyo. Jirani akijua unalia nini, masikio yake hubadilika.

Binti yangu amezaliwa Hamburg. Watoto wa Ujerumani wana bahati ya kisheria: tangu mwaka 2011 sauti za watoto kwenye chekechea na viwanja vya michezo hazihesabiwi kwa kawaida kuwa kero, baada ya miaka ambayo majirani walizifikisha chekechea mahakamani. Hata hivyo mtoto wangu amekua akiambiwa ashushe sauti, ngazini, kwenye treni, maktaba, na mimi mwenyewe nikiwa wa kwanza kumwambia. Ameshika. Ana sauti ndogo, safi, inayomfikia aliye karibu tu.

Tulipokwenda Tanga likizo, sauti hiyo haikumfikisha popote. Bibi yake alimwambia arudie kila neno, mpaka mtoto akaona anaonewa. Binamu zake walisema ananuna. Nilimtuma dukani kununua chumvi, akasimama nje ya nondo za dirisha la duka akisema kwa upole, na kila aliyekuja nyuma yake alihudumiwa akamwacha palepale. Alirudi mikono mitupu, machozi yanamlengalenga, akaniuliza kwa Kijerumani kwa nini yule mwenye duka hampendi.

Swali lake lilikuwa lilelile la wageni wangu wa Hamburg, limegeuzwa tu. Nilimpakata nikamweleza kwamba mwenye duka hana neno naye, hakumsikia. Binamu yake mkubwa akamchukua mkono wakarudi pamoja. Akamfundisha kupanda juu ya kile kijiwe cha mbele, kushika nondo, kuvuta pumzi na kusema: "Shikamoo! Naomba chumvi!" Mara ya kwanza alisema huku ameinamisha uso. Mara ya pili mwenye duka aliitikia marahaba, akauliza huyu mtoto wa nani.

Tangu hapo nyumbani kwetu Hamburg tunafanya mazoezi ya sauti zote mbili. Jumamosi mchana tunakwenda kando ya mto Elbe, mahali penye upepo na meli kubwa, tunaitana kutoka mbali, yeye huku na mimi kule, majina ya watu wa nyumbani, mpaka koo zichangamke. Jioni tukirudi ngazini anashusha sauti mwenyewe bila kuambiwa. Desemba tunakwenda tena Tanga. Bibi yake ameshamwandalia kazi ya kila asubuhi, nayo ni kumsimamisha muuza samaki anapopita barabarani na baiskeli yake, kabla hajafika kona.